Neno Alilonijazia Kaka

Daftari lilikuwa la hesabu, la miraba, kurasa 96. Niliandikia kuanzia nyuma, nimelipindua kichwa chini, ili mwalimu akilifungua akutane na milinganyo na si mambo yangu. Huko nyuma ndiko nilikonakili mashairi ya rap ya Marekani, mstari kwa mstari, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurudisha kanda. Sikiliza, simamisha, andika, rudisha. Wimbo wa dakika tatu na nusu ulikula mchana mzima pamoja na betri.

Nilikuwa na miaka 15. Wimbo ulionishika kuliko zote ni Ten Crack Commandments wa The Notorious B.I.G. Ulikuwa ndani ya albamu yake ya Life After Death, iliyotoka Machi 25, 1997, siku 16 baada ya yeye mwenyewe kupigwa risasi na kufa Los Angeles. Wimbo hausimulii kisa. Ni orodha tupu, amri kumi za muuza crack, yaani kokeini iliyopikwa ikawa vipande vya kuvuta, zikipita moja baada ya nyingine juu ya mdundo wa DJ Premier wenye sauti ya mtu anayehesabu namba. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba sauti ile ni ya Chuck D, rapa wa kundi la Public Enemy, na kwamba alikwenda mahakamani kwa kukasirika kuwa sauti yake imetumika kuwahesabia watu namna ya kuuza dawa za kulevya. Kwa umri ule nisingemwelewa. Ningemwona mzee mwenye gubu.

Maana kwangu zile hazikuwa amri za muuza dawa. Zilikuwa akili za wakubwa. Usimjulishe mtu una fedha kiasi gani. Usitangaze hatua yako inayofuata. Usimwamini yeyote. Familia na biashara visikutane. Mtu anazungumza kwa utulivu, kama mjomba aliyekaa na wewe kando akikupa siri ya maisha, na sauti yenyewe nzito, haina papara. Nikaamua kuzifasiri zote kumi kwa Kiswahili na kuzipa ukurasa wake.

Nilikwama kwenye ya sita. Amri yenyewe ni rahisi: usikopeshe. Inayofuata ni sababu, na ndiyo iliyonitoa jasho, kwani anauliza hivi unadhani fulani atakulipa? Sahau. Huyo fulani alitajwa kwa neno ambalo kamusi yangu haikuwa nalo. Nikaacha nafasi, nikaweka vitone vinne, nikaendelea na ya saba.

Kaka yangu alinizidi miaka sita. Tulilala chumba kimoja, kitanda cha juu chake, cha chini changu. Jioni ile alining'iniza mkono, akalichukua daftari, akasoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hapa umeacha nini?"

"Neno silijui."

Akaomba kalamu. Akaandika juu ya vitone, kwa mwandiko wake uliolalia kushoto: teja.

"Ndilo hilo," akasema.

Akafunua ukurasa wa pili, akakuta mashairi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimejitungia mistari 16 ambamo mimi, mwanafunzi niliyekuwa bado naogopa giza la uani, nilikuwa nimebeba kilo saba kwenye begi na polisi wa nchi nzima wananitafuta. Alicheka mpaka kitanda kikatikisika.

"Kilo? Dogo, kete tu umewahi kuiona?"

Sikuwa nimeiona. Akakata neno kilo, akaandika kete. Nikalalamika kwamba ameniharibia vina. Kilo ilikuwa imekaa vizuri na hilo na ndilo, sasa kete itakaa na nini? Akanirudishia daftari, akazima taa.

Swali ambalo mtu mwenye akili angeuliza usiku ule, kwamba yeye amejuaje, halikunijia kabisa.

Alikuwa ameshaanza kuuza heroini. Nilikuja kujua miezi mingi baadaye, vipande vipande, na vingine amenisimulia ukubwani. Alipewa mzigo kwa mali kauli. Kila mtu anajua mali kauli: unachukua bidhaa bila kulipa, unauza, unarudisha hesabu ya mwenyewe, kinachobaki ndicho chako. Amri ya kumi inazungumzia jambo hilihili. Inasema kama huna wateja wa uhakika, kataa mzigo wa namna hiyo, kwa sababu wenyewe watataka fedha zao mvua inyeshe, theluji ianguke. Nilikuwa nimeifasiri vizuri sana. Nilitumia hata neno mali kauli, na nikajipongeza.

Nikimuuliza kazi ilikuwaje, haanzi na fedha wala polisi. Anaanza na kusimama. Kusimama sehemu moja saa sita, saa nane, miguu ikivimba, huku unajifanya unasubiri mtu. Huwezi kukaa kwa sababu ukikaa unachelewa kuinuka. Huwezi kwenda haja bila kumwachia mtu nafasi, na mtu huyo anaweza kukugeuka. Mchana mzima unahesabu kichwani: zimetoka ngapi, zimebaki ngapi, nimedaiwa ngapi, jioni nitafika na pungufu kiasi gani na nitasema nini. "Nilikuwa nachoka kuliko mbeba zege," aliniambia, "halafu mbeba zege anapata hela yake siku hiyohiyo."

Mistari 16 kwenye mdundo wa kasi ya kawaida ya wakati ule inakwisha ndani ya sekunde arobaini hivi. Kwenye sekunde arobaini huwezi kuweka saa nane za kusimama. Unaweka gari, saa ya mkononi, bastola, maadui wawili na mvuke wa jikoni crack inapopikwa. Simlaumu mtu kwa hilo, hata tenzi za vita zinaruka siku za kutembea na njaa. Ila mimi nilichukua kile kilichoenea kwenye sekunde arobaini nikadhani ndiyo kazi nzima.

Mwaka 2000 mchumi Steven Levitt na mwanasosholojia Sudhir Venkatesh walichapisha uchunguzi wa vitabu vya hesabu vya genge moja la Marekani lililouza crack. Vitabu halisi, vya mapato na matumizi. Walikuta wale wa chini kabisa, wanaosimama mtaani, wanapata kiasi kinacholingana na kima cha chini cha mshahara, wakati mwingine pungufu, huku hatari ya kuuawa ikiwa kubwa kupita kiasi. Faida ilikuwa inapanda juu. Nilipousoma nilimpigia simu Kaka nikamtajia. Akaniuliza kama walilipwa kwa kugundua hilo.

Kuna amri nyingine, ya nane, inayosema usitembee na mzigo mwilini. Utotoni niliiona kama ujanja wa kawaida wa mtu mwenye wafanyakazi. Inasikika tofauti ukijua sheria iliyokuwa ikitumika kwao. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyomfunga mtu aliyekutwa na gramu tano za crack kwa nia ya kuuza kifungo kisichopungua miaka mitano. Ili kupata kifungo hichohicho kwa kokeini ya unga ilibidi ukutwe na gramu 500. Mara mia moja. Gramu tano ni kama kijiko cha chai cha sukari. Tofauti hiyo haikupunguzwa hadi mwaka 2010, iliposhushwa kuwa mara 18. Kwa hiyo aliyekuwa anaimba amri ya nane mwaka 1997 alikuwa anaimba juu ya kijiko cha chai na miaka mitano, na wale waliokua naye walilielewa hilo bila kufafanuliwa. Sisi wa mbali tulisikia ujanja tu.

Na ndivyo zilivyo zote kumi ukizipanga bila mdundo. Ni amri za mtu mwenye hofu. Usionyeshe, usiseme, usiamini, usiuze unapolala, usionekane karibu na polisi. Utulivu ulikuwa kwenye sauti tu. Maneno hayakuwa nao.

Ya nne ndiyo Kaka aliyoijua kwa ghibu kabla hata mimi sijaifasiri: usilewe mzigo wako mwenyewe. Hata rapa anakiri kwamba msikilizaji ameshaisikia mahali pengine, na ni kweli, iko kwenye filamu ya Scarface ya mwaka 1983. Kaka alikuwa akiitamka kwa Kiingereza huku amekunja uso, akinichekesha.

Alianza kwa kuonja. Mteja alilalamika mzigo umechanganywa, bosi akasema haujachanganywa, naye katikati akataka kujua nani mwongo. Hivyo ndivyo anavyosimulia. Mimi nadhani pia alikuwa amechoka kusimama.

Nilichokijua kwanza ni miayo. Usiku, kitanda cha juu, miayo mfululizo ya mtu asiye na usingizi, mmoja ukiisha mwingine unaanza. Kisha kuvuta kamasi. Kisha miguu: ilikuwa inapiga teke hewani yenyewe, na kila ikipiga kitanda chote kinayumba na mimi chini nayumba. Asubuhi nilimwona mikono imesimama vinyweleo kama kuku aliyenyonyolewa, na jasho linamtoka humohumo kwenye baridi yake. Neno arosto nilikuwa nalijua kama utani wa vijiweni, tulimwambia hivyo hata aliyekosa sigara. Siku ile nililiona lina pua, miguu na harufu.

Nilifanya nini? Niliweka spika masikioni. Sina cha kujitetea. Niliweka kanda niliyoipenda, nikaongeza sauti, nikawa nafuatisha mistari kimoyomoyo, na mistari yenyewe ilikuwa ya rapa anayejisifu kwamba wateja wake wanampangia foleni alfajiri wakitetemeka, na yeye anawacheka. Nilikuwa nimeifuatisha mara mia. Kitanda kikayumba. Nikafuatisha mstari mmoja zaidi, ndipo ulimi ukakataa.

Baada ya hapo nilianza kumtafuta teja kwenye nyimbo zangu. Nilikuwa na daftari zima, basi nikapita ukurasa kwa ukurasa na kalamu nyekundu. Alikuwepo, lakini kama mbuzi anavyokuwepo kwenye picha ya mtaa. Amepita nyuma. Ameuza runinga ya mama yake ili watu wacheke. Amekonda. Ameomba. Katika zile amri kumi zote, zinazopanga mambo ya muuzaji hadi aina ya watu wa kuwaacha mbali, teja anatajwa mara moja tu, kwenye ya sita, na anatajwa kama mtu asiyelipa deni. Na neno lenyewe, kwenye daftari langu, lilikuwa kwa mwandiko wa Kaka.

Zipo nyimbo zinazomwona. The Message ya Grandmaster Flash and the Furious Five, ya mwaka 1982, inamtaja aliyeko kichochoroni kwa jicho la jirani anayepaswa kupita hapo, na jirani yule hauzi kitu. Na mwaka ule ule wa 1997 Jay-Z, ambaye kwa kuuza amesifika na kujisifu, alitoa You Must Love Me, na ndani yake anakiri kumpiga risasi kaka yake aliyekuwa anatumia, yeye akiwa bado mtoto. Wimbo huo sikuwahi kuunakili. Ulikuwa mwisho wa albamu, na zamani niliona unapoa.

Mama alipoteza pete. Ya ndoa, aliivua kufua nguo. Tulitafuta mpaka tukamwaga maji ya karai kwenye mchanga na kuchekecha mchanga. Kaka alichekecha pamoja nasi. Sote watatu tulijua, na sote watatu tulichekecha.

Kisha walikuja polisi. Sitasema wa wapi. Waligeuza magodoro, wakapasua la kwangu. Mmoja alilishika daftari. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikikumbuka kila kitu kilichomo: kilo saba, kete, begi, bastola, mimi, mimi, mimi, na masahihisho ya Kaka kwa mwandiko wake. Akalifungua upande wa mbele. Akakuta milinganyo. Akalitupa juu ya godoro.

Nimeusimulia mkasa huo kwenye vikao nikaugeuza kichekesho, lakini kuna watu ambao daftari lao lilifunguliwa upande mwingine. Rapa McKinley Phipps wa New Orleans, anayejulikana kama Mac, alifungwa miaka 30 mwaka 2001 kwa kifo cha kijana aliyepigwa risasi klabuni. Mwendesha mashtaka alichukua mistari ya nyimbo zake mbili tofauti, akaiunganisha kama mstari mmoja na kuusoma mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Alitoka 2021. Huko Georgia, kesi ya Young Thug iliyofunguliwa 2022 iliruhusu mashairi yake yatumike kama ushahidi, ikachukua muda kuliko kesi yoyote katika historia ya jimbo hilo, hadi alipokiri baadhi ya makosa Oktoba 2024 na kuachiwa chini ya uangalizi wa mahakama wa miaka 15. California ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuwabana waendesha mashtaka wanaotaka kufanya hivyo. Na mtafiti Carrie Fried aliwahi kufanya jambo dogo lenye kushangaza: aliwapa watu maneno ya wimbo mmoja wa zamani wa kizungu kuhusu mtu aliyeua polisi, wengine akawaambia ni rap, wengine akawaambia ni country. Walioambiwa ni rap waliyaona ya hatari zaidi. Maneno yaleyale.

Hakimu anayesoma "mimi" ya kwenye wimbo kama kiapo anafanya kosa lilelile nililofanya nikiwa na miaka 15. Wote wawili tumeamini. Tofauti ni kwamba mimi nilipenda.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Rick Ross. Mwaka 2008 mtandao mmoja ulitoa hati zinazoonyesha kwamba rapa huyu wa Miami, aliyejenga jina lote kwa simulizi za kuingiza mizigo ya kokeini, miaka ya tisini alikuwa askari wa gereza Florida. Hata jina si lake. Ni la Freeway Rick Ross, muuza crack halisi wa Los Angeles, aliyefungwa maisha mwaka 1996, mtu ambaye hata kusoma alijifunzia jela, akasoma mpaka akagundua kosa la kisheria kwenye hukumu yake mwenyewe, akatoka 2009. Alimshtaki rapa kwa jina. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa California ilimpa ushindi rapa: amelichukua jina akatengeneza kitu kipya, ni sanaa.

Nilikasirika kama niliyeibiwa. Nilimwambia Kaka, wakati huo akiwa ametoka na kurudi na kutoka tena, kwamba jamaa ni mwongo. Alifikiri. Akasema askari wa gereza amewaona wauzaji wengi kuliko muuzaji yeyote. Kila siku anawahesabu, anawasikia usiku. "Huyo anajua mwisho wa hadithi," akasema, "ila anaimba mwanzo." Kisha akaniomba hela ya nauli ambayo sote tulijua si ya nauli.

Mimi bado naipenda rap. Watu wakinisikia nasimulia haya hudhani nitamalizia kwa kuikana, na wengine hunitaka niikane. Siwezi. Kazi yangu sasa ni kukaa kwenye chumba kidogo cha kurekodia na kusaidia vijana kunyoosha mistari, na ile subira ya kurudisha kanda ndiyo iliyonifundisha vina, pumzi na namna ya kuficha neno zito mahali pepesi. Hata yale mafumbo yao ya kuita kokeini ndege, matofali au msichana mweupe ni ufundi ambao mshairi yeyote wa Kiswahili anautambua mara moja. Ninachofanya ni kimoja tu. Kijana akija na kilo saba, namuuliza anayenunua anaitwa nani. Wengi wananiangalia kama Kaka alivyoniangalia mimi. Mmoja alijibu, "Hana jina, bro, ni teja tu." Akaingia kurekodi. Mstari wenyewe ulikuwa mzuri, lazima niseme.

Kaka yuko kwenye methadoni, dawa anayopewa mtu anayeacha heroini, mwaka wa tano sasa. Kila asubuhi anakwenda, anapewa kikombe, anakunywa mbele ya muuguzi, anazungumza neno moja au mawili ili waone amemeza, anarudi. Anafanya hivyo kama mtu anayepiga mswaki.

Mwezi uliopita nilikuwa nafungua maboksi na daftari likatoka. Nilifikiri nilirudishe ndani, lakini alishaliona. Akalipindua kichwa chini bila kuuliza, akafika kwenye amri, akapitisha kidole. Kwenye ya sita kidole kilisimama. Hakusema kitu. Akafunua ukurasa wa pili, kwenye kilo iliyokatwa.

"Ulisema kete haina kina," akasema.

"Sikumbuki."

"Ulisema. Ulilia kabisa." Aliangalia saa. Dirisha la dawa hufungwa saa nne. Akasimama, akatafuta viatu, akanirudishia daftari likiwa bado wazi.

"Pete," akasema.